Kwa Nini Kiboko Alizimika Majini

Natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe mbele ya kioo cha pembeni cha gari, kwamba leo imeundwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Sababu Zilizomfanya Kiboko Azimike Majini. Tume itafanya kazi yake bila woga wala upendeleo. Itahoji kila nati na kila skrubu. Haitamwonea haya mtu, awe mkubwa au mdogo, na ripoti yake itasomwa hadharani.

Nilisema hayo nikiwa nimesimama juu ya tairi bovu katikati ya gereji, mkono wa kulia kifuani.

"Lete spana ya kumi na tatu," sauti ya Mwenyekiti wa Tume ikatoka chini ya gari, "halafu ufunge mdomo."

Mwenyekiti alikuwa baba yangu. Kilichoonekana ni miguu yake tu, soksi moja ya kijivu na nyingine ya bluu. Nikashuka kwenye tairi, nikapeleka spana. Tume nzima ilikuwa watu wawili: yeye fundi, na mimi Katibu, binti wa miaka kumi na sita niliyekuwa nyumbani kwa likizo. Shuleni kwetu, shule ya bweni, ninajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba chumvi ilipoingia kwenye bakuli la sukari la meza ya walimu, hakuna aliyejisumbua kuuliza ni nani. La pili ni tai. Bweni zima hakuna anayefunga tai kama mimi. Wadogo wa kidato cha kwanza hupanga mstari mlangoni pangu kila asubuhi, nami huwafungia mmoja mmoja kwa sura ya askofu anayebariki. Ndiyo maana Baba huniita Mheshimiwa.

Siku hiyo hakuniita Mheshimiwa. Ilikuwa siku ya nne tangu tumzike Baba mkubwa.

Kwanza nieleze Kiboko ni nani. Kiboko ni gari letu la kupanda milima na kuvuka mito, la petroli, la zamani, lenye sura ya sanduku na turubai mgongoni. Baba na kaka yake, yaani Baba mkubwa, walilitengeneza kutokana na magari mawili yaliyokufa, mbele la hili, nyuma la lile, na mpaka leo milango ya kushoto ni ya kijani na ya kulia ni ya rangi ambayo kila mtu huipa jina lake. Mji wetu umekatwa na mto. Daraja liko mbali sana, mwendo wa nusu siku, kwa hiyo mwenye haraka hupita kwenye kivuko, mahali ambapo chini ni mwamba na maji hayazidi kiuno. Magari mengine yakifika ukingoni husita kama mtoto anayeitwa kuoga asubuhi ya baridi. Kiboko aliingia tu.

Siri yake ilikuwa glavu.

Injini za petroli za zamani zina kitu kinaitwa distributa. Ni kikombe cheusi cha plastiki kinachopokea umeme kwa waya mmoja na kuugawa kwa nyaya nne, mmoja kwa kila plagi. Kikilowa, umeme unapotea njia na injini inazima hapo hapo. Baba mkubwa, akiwa kijana, alihesabu nyaya: nne zinatoka, mmoja unaingia, jumla tano. Akautazama mkono wake. Siku iliyofuata alitafuta glavu nyekundu ya mpira mzito, ile ndefu ya kufika karibu na kiwiko, akakata ncha za vidole, akapitisha kila waya kwenye kidole chake, akaivuta glavu nzima ikameza distributa, na akaibana chini kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangu hapo kila gari lililotoka gerejini kwetu kwenda mtoni lilikuwa na mkono mwekundu ndani ya boneti. Watu walicheka, kisha wakaja kuomba wafungiwe na wao.

Baba mkubwa hakufunga fundo. Alizungusha kipande cha tyubu mara tatu, akachomeka ncha chini ya mzunguko wa kwanza, basi. Baba alipokuwa anajifunza kazi kwake, aliwahi kupiga fundo. "Ukiwa katikati ya mto, vidole vimekufa ganzi," Baba mkubwa alimwuliza, "hilo fundo utalifungua kwa meno?" Kila mwanzo wa mvua alibadilisha glavu ya Kiboko yeye mwenyewe. Mwaka huu pia, ingawa kifua kilikuwa kimeshambana na alifanya kazi amekaa kwenye stuli, akipumzika baada ya kila kidole. Baba alisimama pembeni akimshikia kopo la nyaya. Alitaka kusaidia lakini hakuthubutu.

Nilipofunga shule nilimkuta Baba mkubwa amelala chumba cha uani. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini utani ulikuwa palepale.

"Umekuja kutuua na chumvi?" aliniuliza.

"Baba mkubwa, mimi nimeokoka. Siku hizi ni mtoto mwema."

"Basi nimekwisha," akasema. "Ukiwa mwema wewe, nani atanichekesha?"

Nililichukua kama agizo. Siku mbili baadaye Mama alifungua friji kutoa nyama, akakutana na mkono wa mtu. Mkono mzima wa barafu, mweupe, mzito, wenye vidole vitano vilivyokunjana kidogo, umelala juu ya mbaazi. Mama alipiga ukelele ambao jirani wa nyumba ya tatu aliusikia. Akakimbia uani, akarudi, akaurushia mkono ule mwiko. Na kutoka chumba cha uani tukasikia Baba mkubwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanyamaza, akaanza tena. Mama alinifukuza na ufagio kuzunguka nyumba mara mbili, lakini mzunguko wa tatu akasimama dirishani kwake, akamsikiliza, na yeye akaanza kucheka.

"Shemeji, huyu mtoto wenu ataniua!" akamwambia.

"Mpe nafasi," Baba mkubwa akajibu. "Ana kipaji."

Hakuna aliyeuliza glavu ya kugandishia nimeitoa wapi.

Baada ya wiki moja kifua kilizidi. Baba akampakia kwenye Kiboko, wakavuka mto kumpeleka hospitali. Mvua zilikuwa bado hazijakaza, maji hayakufika hata kwenye mhimili wa tairi. Akalazwa. Kisha mvua ikanyesha huko juu siku tatu mfululizo.

Asubuhi ya siku ya nne nesi alipiga simu. Mgonjwa anamwulizia mdogo wake. Anasema ana neno naye. Ni vizuri aje leo, asingoje kesho.

Baba hakubadilisha hata nguo. Alikuwa na ovaroli, nami nikarukia kiti cha pili. Kivukoni mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na maji yalifika juu ya bampa. Baba alifanya kila kitu kama alivyofundishwa: alilegeza mkanda wa feni ili isirushe maji, akatundika gunia mbele ya rejeta, akaweka gia nzito, akaingia taratibu. Maji yalisimama mbele ya gari kama mto wa kulalia. Nilikuwa naanza kutunga wimbo wa ushindi.

Katikati kabisa, Kiboko akakohoa. Akakohoa tena mara ya pili. Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Maji yalikuwa yanapita pembeni ya milango kwa sauti ya mtu anayekunja karatasi. Baba alizungusha ufunguo, stata ikalia, injini haikujibu. Akazungusha tena na tena mpaka betri ikaanza kuchoka. Akatoka kupitia dirishani, akasimama kwenye bampa, akainua boneti, akachungulia. Alishika koili ya umeme, akashika kabureta ya petroli. Ile glavu aliigusa kwa mgongo wa mkono tu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. "Hapa pazima," akasema.

Tulikaa mtoni dakika hamsini. Nazijua kwa sababu Baba alitazama saa kila dakika, na mimi nilimtazama yeye. Mwisho dereva wa trekta akatokea ukingoni, akaona, akapiga mluzi.

"Fundi! Kiboko gani huyo anaogopa maji?"

Yule mtu alipotufikia na mnyororo akaona uso wa Baba, akavua kofia, akatufunga, akatutoa. Upande wa pili, maji yalipokwisha kuchuruzika chini ya boneti, Baba alijaribu ufunguo kwa betri iliyobaki. Kiboko akawaka mara moja, akanguruma vizuri, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Shuka lilikunjwa pembe nne. Nesi alikuwa anatungoja mlangoni, mikono ameishika mbele.

"Hata nusu saa haijafika," alisema. "Alikuwa anauliza saa ngapi. Akauliza kama mto umejaa. Nikamwambia umejaa kidogo, mzee. Akasema hakuna wasiwasi, gari lina mkono."

Baba alishika ukuta.

"Na neno lake?"

"Nilimwambia aniambie mimi niandike. Akakataa. Alisema si la kuandika."

Hayo ndiyo ambayo Tume ilikuwa ikiyachunguza. Baada ya mazishi Baba alining'iniza ovaroli yake msumarini na hakuivaa tena. Muuza maziwa alileta pikapu yake inayovuja oili, Baba akamwambia kwa heshima zote aende kwa fundi mwingine.

"Fundi mwingine nani? Hebu acha utani."

"Gari langu mwenyewe limenishinda, ndugu yangu. La kwako nitaliwezea wapi?"

"Fundi, msiba ni msiba, lakini kazi..."

"Nikijua kilichozima lile gari," Baba akasema, "nitakuita mimi mwenyewe. Nisipojua, nafunga mlango huu. Siwezi kumpa mtu ufunguo wake nikamwambia nenda, iko sawa, na mimi sijui."

Mama alisikia. Usiniulize alikuwa anakata nini jikoni, najua tu kwamba kisu kilisimama.

Kwa hiyo asubuhi ile niliposimama juu ya tairi na kutangaza Tume, ulikuwa utani, lakini pia haukuwa utani. Nilitaka acheke hata kidogo. Na nilitaka kuwa karibu, nione uchunguzi unaelekea wapi.

Tulianza na hewa. Gari linaloingia mtoni linaweza kuvuta maji badala ya hewa, na hapo injini hujikaba. Baba alifungua chujio la hewa, akaliweka juani, akalipapasa. Kavu. Akang'oa plagi zote nne, akaniambia nizungushe stata huku ameweka kiganja mbele ya matundu. Injini ikapumua puu, puu, puu. Alinionyesha kiganja: hakuna tone.

"Andika, Katibu."

"Tume imejiridhisha kwamba mtuhumiwa hakunywa maji," nikasoma nikiandika, kwa sauti ya hakimu mwenye mafua.

Kona ya mdomo wa Baba ilisogea kidogo.

Tukaja kwenye petroli. Alifungua bomba karibu na kabureta, akajaza chupa ya soda isiyo na rangi, tukaiweka juu ya benchi na kuitazama kama watu wanaongoja yai lianguliwe. Maji yangekuwemo yangeshuka chini na kukaa peke yake. Hayakushuka. Tukaenda kwenye ekzosi: gari likiwa linawaka nikainua ndoo ya maji mpaka bomba likazama ndani. Maji yalichemka kama sufuria, yakanirukia usoni, na Kiboko akaendelea kunguruma. Baba akaja akaitoa ile ndoo mikononi mwangu, akanifuta uso kwa kitambaa kichafu zaidi ya uso wangu. Nikaandika tu: ekzosi haina kosa. Siku nyingine ningelalamika mpaka jioni.

Ikabaki moto, yaani umeme wa plagi. Baba alinipa mpira wa maji wa bustani, yeye akashika boneti. Injini ikiwaka, alinionyesha kwa kidole mahali pa kumwagia, kimoja kimoja. Nikamwagia koili. Ikaendelea. Nikamwagia nyaya za plagi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ikaendelea. Nikamwagia nyaya za betri, nikamwagia mpaka honi. Kila niliposogeza mpira, vilivyobaki vilipungua, na mimi nilikuwa najua kuhesabu.

Kisha akasema, "Zima maji."

"Bado glavu, Baba."

Sikujua ni mdomo gani ulisema vile.

"Glavu aliifunga kaka."

"Lakini Tume ilisema itahoji kila—"

"Nimesema aliifunga kaka." Hakupandisha sauti. "Aliifunga anahema. Nilikuwa nimesimama pale, nikaona kila kidole. Na amekufa akiwa na imani nayo. Mimi nikaifungue nitafute nini?"

Akazima injini, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa gereji. Nikakunja mpira wa maji polepole sana, maana nilitaka kazi iendelee.

"Basi nimeshajua," alisema. "Gari ni zima. Ni mguu."

"Mguu gani?"

"Wangu. Ndani ya maji hutakiwi kulegeza mguu hata kidogo. Ukilegeza, gari linakosa nguvu, linazima. Nadhani nililegeza." Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia, ule wenye soksi ya bluu. "Nilikuwa naogopa kufika, mwanangu. Toka tunatoka nyumbani. Nilijua nikifika nitamwona anavyokufa. Mtu akiogopa hivyo mguu unafanya mambo yake. Kaka ananingoja, ananiulizia saa, na mimi nimelegeza mguu."

"Baba, hukulegeza."

"Utajuaje?"

Nilijua. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na sauti ya injini haikushuka hata mara moja kabla ya kile kikohozi cha kwanza. Lakini ili niseme ninajuaje, ilibidi niseme na mengine, na ulimi wangu, ambao umewahi kutetea kesi tatu mbele ya mwalimu wa nidhamu na kushinda mbili, ulikaa tu mdomoni kama soli ya kiatu.

Badala yake nikafanya nilichozoea kufanya. Nikapanga hila.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "kwa ajili ya kumbukumbu za Tume, naomba jaribio moja la mwisho. Wewe kaa kwenye usukani, shika mguu usitikisike. Mimi nitarusha maji kwa mbele, kama mto wenyewe. Likizima na mguu umetulia, basi si mguu."

Akainuka kama mtu anayetii kwa sababu amechoka kukataa. Akapanda. Kiboko akawaka. Boneti iliyoinuliwa ilikuwa kati yetu kama mlango. Yeye hakuniona, nami sikumwona.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, nakiri. Glavu ni mpira, na mpira hata mpya huchanika. Ingeingia maji, injini ingezima, Baba angeifungua, angekuta imechanika, angesema basi, ilikuwa mbovu toka dukani, hakuna wa kulaumiwa. Angevaa ovaroli. Mimi ningerudi shule.

Nikainamisha mpira wa maji chini ya kidole kidogo, pale kinapoungana na kiganja, na nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Glavu ilianza kuvimba kwa chini, nzito, kama titi la ng'ombe. Nne.

Kiboko akakohoa. Akakohoa mara ya pili. Kimya.

Ni kikohozi kile kile. Hata jirani angekitambua. Mlango ulifunguka, Baba akaja akasimama pembeni yangu, na maji yalikuwa bado yanatoka kwenye mpira niliousahau mkononi, yanalowesha viatu vyetu wote wawili. Akanyoosha mkono, akaipima ile glavu kwa kiganja. Ikatikisika, imejaa.

"Kaka," akasema.

Sikuwa nimelipigia hesabu hilo.

"Kaka, ulikosea wapi?" Alimwuliza taratibu, kama mtu anayemwinamia mgonjwa. "Ungeniambia nikusaidie. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mikono ilikuwa inakutetemeka, niliona, nikanyamaza kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Ona sasa. Ona umejichelewesha mwenyewe."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Aliingiza vidole nyuma ya glavu, upande unaotazama injini, akatafuta ncha iliyochomekwa ya kipande cha tyubu. Nilimwona anapapasa, anarudi, anapapasa tena. Kisha vidole vikasimama.

Akavuta kile kipande mpaka kikageuka mbele, kwenye mwanga.

Hakukuwa na ncha iliyochomekwa. Palikuwa na fundo, dogo, lenye pembe tatu, limekaa sawa katikati, zuri kabisa.

Baba mkubwa hakuwahi kuvaa tai maishani mwake. Na Baba, kila siku ya kufungua shule, husimama getini akiniangalia ninavyojifunga yangu, halafu huniambia imepinda hata kama haikupinda.

"Mheshimiwa," akasema bila kunitazama. "Fungua hili."

Nikaweka chini mpira wa maji. Nikashika ncha fupi, nikavuta mara moja tu, na fundo lote likayeyuka, kama linavyoyeyuka mikononi mwa mtu aliyelifunga. Maji ya ndani ya glavu yakamwagika juu ya injini na kushuka sakafuni. Pamoja nayo kikatoka kipande kidogo cha selotepu, kikaelea, kikatulia karibu na kiatu chake.

Aliinama, akakiokota, akakitandaza kwenye kidole gumba.

"Sema," akasema.

Hii ndiyo ripoti ya Tume, Baba. Naisoma hadharani kama nilivyoahidi, ingawa hadhara ni wewe, na Mama ambaye amesimama mlango wa jikoni, nimemwona. Mkono wa barafu niliugandisha ndani ya glavu hii. Glavu nyingine zote gerejini zilikuwa fupi na zimetoboka, hii ndiyo ilionekana kama mkono wa kweli. Niliweka alama za chaki kwenye nyaya ili nisizichanganye, na sikuzichanganya. Nilifunga ncha za vidole, nikajaza maji, nikaiweka kwenye friji. Kuibandua kwenye barafu ndiko kulikonishinda. Mpira ulikuwa mgumu, nikatumia kisu cha siagi, kidole kidogo kikachanika hapa. Kitundu kidogo, nikasema si kitu. Nikabandika selotepu. Nyaya nilizirudisha kwenye vidole kama yeye. Kipande hiki cha tyubu cha chini hakikunitosha mizunguko mitatu, kwa hiyo nikakifunga hivi, nikageuzia fundo nyuma ili usilione. Gari likawaka vizuri, na mto wakati ule ulikuwa na maji kidogo tu. Tulipozimika mtoni nilijua. Nilikaa na wewe dakika hamsini, nimejua. Wodini nilijua. Makaburini nilijua.

Baba alikuwa bado anakitazama kile kipande cha selotepu.

"Ndio ule mkono," akauliza, "uliomchekesha?"

"Ndio huo."

Akatikisa kichwa polepole, sijui kwa lipi kati ya yale mawili, kicheko au mto. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Nilitafuta maneno ya Katibu, yale mazito, yote nikayakosa.

"Hukulegeza mguu, Baba," nikasema. "Na yeye hakukosea kufunga. Ni mimi."